Ndoo Tupu Kichwani

Jumatano. Kibaridi cha asubuhi kimegoma kuondoka, na ukungu wa bondeni umepanda kutoka mtoni mpaka huku kwetu Mahurunga. Nimelala chali, simu nimeiegemeza kifuani, naandika kwa kidole kimoja.

Leo siku ya tatu sijainuka vizuri.

Tangu binti yangu Zuhura anifungulie ukurasa huu nimeshaandika sana habari za mgongo wangu na goti la kushoto. Ni miaka mingi sasa. Kuna siku vinauma kama vina kisasi na mimi, kuna siku vinanisahau kidogo. Daktari wa mjini Mtwara aliniambia kwa upole kwamba maumivu haya huenda nikazeeka nayo, ila mwili ukipungua mgongo utapumua. Akasema nitembee kila asubuhi, taratibu, mahali tambarare, nirudi kabla sijachoka.

Kupungua kwenyewe sikukutaka, nasema kweli. Huku kwetu mwanamke akinenepa wanasema anatunzwa, akikonda wanaanza kumtafutia ugonjwa. Mimi nilichotaka ni kusujudu.

Tangu mfungo uliopita naswali kwenye kiti. Kiti cha plastiki cha kijani, kile kile tunachowakaribishia wageni. Najua Mwenyezi Mungu ametoa ruhusa kwa mgonjwa. Lakini kila nikiinamisha kichwa nikiwa nimekaa, najiona kama mtu anayemwamkia mkubwa wake bila kusimama. Nautamani mswala kwenye paji la uso wangu. Nautamani mpaka naota.

Basi nikaanza. Baada ya alfajiri najifunga kanga zangu mbili, mikono mitupu, nashika njia ya mchanga inayopita kwenye mikorosho.

Kumbe natangaza msiba.

Mama mtu mzima, asubuhi yote ile, kanga mbili, hana jembe wala ndoo, anakwenda wapi kama si kwenye kifo? Nyumba ya kwanza wakanipa pole. Nyumba ya pili wakauliza maziko saa ngapi. Jirani yangu Bi Somoe yeye hakuuliza kitu. Alijitanda kanga akanifuata nyuma, na mimi kwa jinsi goti lilivyokuwa linanitafuna sikugeuka. Nilipofika mwisho wa matembezi yangu nikageuka nirudi, nikamkuta anafuta machozi. Nikaona aibu kumwambia kwamba natembea tu. Nikamwambia habari niliyoletewa haikuwa ya kweli, mgonjwa yu hai. Mungu anisamehe.

Kesho yake nikabeba ndoo. Ndoo tupu kichwani, juu ya ngata. Mtu mwenye ndoo haulizwi.

Nikawa natembea hivyo, na wallahi goti likaanza kulegea. Ijumaa iliyopita nilishika ukingo wa kitanda, nikajishusha polepole, polepole, paji la uso likagusa mswala. Nililia pale pale sijdani. Hata kuinuka kulinishinda, Baba Zuhura akaja kuninyanyua, tukacheka wote wawili.

Mara moja tu hiyo.

Jumapili nikapita shambani kwa shemeji Issa, mdogo wake mume wangu. Anang'oa mihogo. "Shemeji! Riziki imekukuta na ndoo yako!" Kabla sijafungua mdomo ameshaipokea, anaijaza. Nikamwambia inatosha. "Inatosha wapi, na kaka yangu namjua anavyoupenda muhogo?" Akaongeza, akashindilia, akanitwika mwenyewe kwa heshima zote. Ningesema nini? Kwamba ndoo ni ya uongo?

Nikabeba. Sikufika mbali, kiuno kikanikata kama kamba. Nikakaa mchangani, mihogo imesambaa, mpaka kijana wa bodaboda aliponionea huruma akanileta nyumbani.

Sasa hata kile kiti siwezi. Naswali nimelala, rukuu na sijda ni kwa kope za macho.

Baba Zuhura ndiye anayechota maji na kupika uji, na kisimani wanamtania. Jana alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Mama Zuhura, si uache tu haya matembezi? Mungu anakupokea hata hapo ulipo." Amesema kwa mapenzi, na alichosema ni kweli. Nikageukia ukutani. Sikumkasirikia yeye. Kilichoniuma ni kwamba kuna upande wa moyo wangu uliofurahi kupewa ruhusa ya kuacha.

Hilo sijamwambia mtu. Nimekuja kuliandika hapa.

Asubuhi hii Bi Somoe amenijia na bakuli la kunde za nazi. Sijui ni maumivu au ni uchovu wa kuficha, nikamweleza yote, matembezi, ndoo, mpaka ule uongo wa mgonjwa. Akaliweka bakuli chini. Nikajua amekasirika.

"Kwa hiyo siku ile nililia njia nzima, nilikuwa namlilia nani?"

"Hayupo, dada yangu."

"Basi nirudishie machozi yangu!" Akacheka mpaka akakalia kile kiti cha kijani. Kisha akasema nikipata nafuu nimpitie, twende wote. Nikamwambia wakituona wawili watasema leo kimeanguka kifo kikubwa. Kucheka kwenyewe kumenichoma kiunoni, lakini nimecheka.

Alipoondoka nimeshika ukuta, nimefika mlangoni, nimerudi. Jasho lilikuwa linanitoka kama niliyelima. Zamani kuishia mlangoni ningekuona ni kushindwa. Leo sijui nikuite nini.

Sijui mgongo utarudi pale ulipokuwa Ijumaa au ndiyo basi. Naogopa, siwadanganyi. Ila nikiweza kusimama tena nitakwenda mikono mitupu, na atakayenipa pole ya msiba nitamwambia hakuna aliyekufa, ninatembea kwa sababu ninaumwa. Ndoo irudi kwenye maji.

Baba Zuhura ameniuliza akiondoe kiti hapa chumbani, kinambana akipita. Nimemwambia akiache. Kisha nimemwomba anitandikie na mswala, ubavuni mwa kitanda, karibu na mkono wangu. Ameutandika, akanyoosha pembe zake kama anavyofanya siku ya Idi.

Alfajiri ikifika, nitajua ni kipi kati ya hivyo viwili ninachoweza kukifikia.