Sweta Lenye Mkono Mmoja Mfupi

Jumatatu, mwezi wa saba. Makanyagio.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Sasa ni saa kumi alasiri, jua linawaka kana kwamba halihusiki, na vumbi la barabarani limeshakaa juu ya meza niliyoifuta mchana. Nina hasira. Mtu ninayemkasirikia amekaa kwenye kiti hiki hiki ninachokalia.

Wanaonisoma kila siku mtandaoni wanajua utaratibu wangu: neno moja na lilikotoka, jambo moja la kushangaza, kichekesho kimoja, halafu kazi ya sindano. Ni mwaka wa nne sasa. Hata wiki ile niliyolazwa kwa malaria niliandika, dripu mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Leo nitaanza kwa utaratibu uleule, maana bila utaratibu sitaandika kabisa.

Neno: shajara. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni mti. Sijui nani aliangalia daftari la siri za mtu akakumbuka mti. Labda alijua kwamba ukipanda juu sana, walio chini wanaona nguo yako ya ndani.

Jambo la kushangaza: kiboko hajui kuogelea. Wale wa kule mbugani wanaobanana kwenye madimbwi kiangazi hiki wanatembea kwa miguu chini ya maji, wanakanyaga matope taratibu, sisi tunaona mgongo tu na kudhani wanaelea.

Kichekesho: mimi.

Sasa kazi ya sindano, ambayo ndiyo imenifikisha hapa.

Mimi nimefundishwa kufuma na mama yangu, kule Magamba. Sindano zake ni spoku mbili za baiskeli, zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Uzi hatukuwahi kununua dukani. Mama alikuwa anakwenda gulioni, anachagua sweta la mtumba lenye sufu nzuri, hata kama limetoboka, analirudisha nyumbani na kulifumua lote. Uzi unafuliwa, unaning'inizwa ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke, halafu unaviringwa kuwa donge. Kutoka kwenye donge hilo zinatoka nguo za mtoto: kisweta, kofia na soksi zisizokaa mguuni. Kila mjukuu wa mama amevaa Ulaya iliyofumuliwa.

Miaka hii macho ya mama yameingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili. Anachambua maharage kwa vidole. Kwa hiyo binti wa dada Devota alipojifungua mwezi uliopita kule Kapalamsenga, kando ya ziwa, mama alinipigia simu akasema kitukuu chake cha kwanza hakiwezi kuvaa vya dukani, nije nichukue sweta la kufumua. Masweta hayo yako kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda chake, ambako yamekuwa yakisubiri zamu tangu nina akili zangu.

Alisema jambo moja zaidi. Alisema, "Unisubiri nitoke kanisani, nikuchagulie mwenyewe."

Sikusubiri.

Hilo ndilo ninaloliandika leo, mengine yote ni kuzunguka. Nilifika Magamba Jumapili ya wiki iliyopita saa nne asubuhi, mama yuko misa ya pili, na mimi nilitaka mwanga mzuri wa mchana kwa ajili ya picha. Niliwaza kurasa zangu. Niliwaza kichwa cha habari: "Fumua Nami, Hatua kwa Hatua." Nikaingiza mkono kwenye salfeti, nikavuta sweta la kahawia lililokuwa chini kabisa, nikarudi mjini kwa bodaboda ileile iliyonileta. Haraka haraka haina baraka, ndiyo, najua. Nimeshaiandika mara ngapi hapa.

Kesho yake, Jumatatu, nilililaza kwenye mkeka nje, nikalipiga picha likiwa zima, nikaandika. Nanukuu maandishi yangu mwenyewe, ili nisije nikajipunguzia:

"Wapenzi, mtumba wa leo umefumwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Tazameni mkono wa kushoto ulivyo mfupi kuliko wa kulia. Hesabu ilimshinda, au alikuwa anamfumia nyani mwenye ajali? Ndani kumejaa mafundo kama kamba ya ndoo. Na harufu! Moshi na tumbaku, kama limelala kwenye bani la kukaushia tumbaku miaka ishirini. Sabuni ya unga, mara mbili, wapenzi, msione uvivu."

Watu walicheka sana. Tangu nianze sijawahi kupata vicheko vingi hivyo. Mmoja aliandika kwamba amesoma akiwa foleni ya maji, ndoo ikapitwa.

Ninajua shingo ya twiga ina mifupa saba kama yangu. Ninajua gereza ni neno la Wareno, na kwao lilikuwa kanisa. Niliwahi kuwasimulia watu wa jumuiya yetu na hakuna aliyecheka. Ninajua mambo mia tatu ambayo hayamsaidii mtu kumenya hata kiazi. Na nilishika sweta lenye mafundo ndani, mafundo ya mtu aliyeunga uzi wa mitumba miwili, na sikujiuliza. Mzungu hafumi kwa uzi wa kuunga. Kiwanda hakifungi fundo lile la mara mbili ambalo mimi mwenyewe ninalifunga, kwa sababu nilifundishwa na aliyelifunga.

Jumamosi Devota akapiga simu. Kapalamsenga mtandao unakuja ukitaka, kwa hiyo alikuwa amechelewa kusoma. Hakunisalimia.

"Skola, lile sweta umelitoa wapi?"

Nikamwambia, kwa mama, kwenye salfeti.

"Ule mkono ulioucheka ni mkono wa baba."

Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Ninakumbuka kikohozi chake na baiskeli yake, na jinsi alivyokuwa akiniita "mama mdogo". Sikumbuki mkono. Devota alikuwa na miaka kumi na tano, yeye anakumbuka kila kitu, na wakati mwingine namchukia kwa hilo. Alinisimulia: baba alianguka na baiskeli akiwa amebeba mzigo wa tumbaku, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaungwa na mtu wa kijijini ukapona umepinda, mfupi kwa shubiri nzima. Masweta ya watu yalimvuka vidole akawa anakunja na kukasirika. Mama akakaa chini, akampima, akamfumia la kwake peke yake. Baba alilivaa usiku akilinda moto wa bani msimu baada ya msimu. Kama limelala kwenye bani, niliandika. Lilikuwa limelala, kweli.

Na kwa nini lilikuwa kwenye mfuko wa mitumba? Kwa sababu ya siku ya kugawa nguo za marehemu. Baba wadogo walikuja baada ya matanga, kama ilivyo desturi, na desturi wakaifuata mpaka ukutani: koti, viatu, redio, mkanda, baiskeli. Mama hakuzuia kitu. Lakini asubuhi ile kabla hawajafika alilichukua sweta akalisukuma chini kabisa ya salfeti la mitumba ya kufumua, mahali ambapo hakuna mwanamume ambaye angetia mkono. Baiskeli ikaenda. Zikabaki spoku mbili zilizokuwa zimekwishageuka sindano, na sweta.

Alilificha vizuri mno. Limekaa humo miaka ishirini na saba, na mwizi alipokuja alikuwa mimi.

Devota alitaka kunifariji. Alisema labda ndivyo ilivyopangwa, kitukuu atavaa uzi wa babu yake mkubwa, ni baraka. Nilimwambia aache. Sipendi faraja inayomgeuza mjinga kuwa mjumbe wa Mungu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yamefika mpaka kitukuu.

Jana nikaenda Magamba.

Nilikuwa nimeshafuma mgongo wa kisweta na nusu ya kifua. Nilivibeba pamoja na madonge matatu yaliyobaki, kwenye mfuko mweupe, msafi, unaonukia sabuni. Nilitengeneza maneno tangu Makanyagio. Mama alikuwa amekaa nje na ungo wa maharage mapajani, kitenge cha kanisani bado kiko mwilini. Niliweka mfuko chini nikapiga magoti kama mtoto wa komunio ya kwanza na nikasema yote. Picha, mzaha, nyani. Nyani nilitaka kuliruka, sikuliruka.

Hakunikatiza. Akatoa ungo, akaweka pembeni, akanyoosha mkono nikampa donge moja. Alilipapasa mpaka kidole gumba kikakutana na fundo. Akakaa hapo kidogo. Halafu akalipeleka puani, akavuta pumzi, akalishusha, akalipeleka tena.

"Umelifua," akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, mara mbili.

Akaweka donge mapajani. Hakulia, na mimi ningeshukuru angelia. Niligundua pale kwamba mama hakuwa akitunza sweta. Macho yale hayajaona rangi ya kahawia miaka kadhaa. Alikuwa anatia mkono kwenye salfeti, peke yake, siku anazozijua yeye na Mungu, na kunusa. Ndiyo maana alisema nimsubiri.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Swali la kijinga, lakini lilitoka.

"Niliwaficha baba zenu wadogo, sio nyie," akasema. Kisha, baada ya kuokota maharage mawili yaliyoanguka: "Na wewe Skola ningekuambiaje? Wewe unaambia watu mpaka ulichokula."

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Nikamwambia nitalifuma upya. Uzi upo wote ukiacha ule wa kisweta, nao nitaufumua. Akaniuliza nitampima nani. Akanyoosha mkono wake mwenyewe wa kushoto, akapima kwa kiganja cha kulia kutoka begani, shubiri moja, mbili, na vidole vitatu, akaishia hapo, mbali na kifundo. Alikuwa bado anakijua kipimo. Akasema, "Sweta utafuma. Alilovaa yeye hulifumi," akaurudisha mkono mapajani. Akaniambia nimalizie la mtoto, kuna baridi ziwani usiku.

Nikamwomba radhi. Sio samahani ya kukanyagana kanisani. Nilitumia neno lenyewe, radhi, ambalo kwa kila mtoto wa mama ndilo la mwisho kuombwa na la kwanza kuogopwa. Ninajua limetoka wapi. Limetoka kwenye Kiarabu, ni kuridhika kwa moyo. Nilitaka aniambie umeipata.

Akasema, "Devota anasema kuna picha."

Nikamfungulia. Alishika simu karibu mpaka ikagusa nyusi. Nikaikuza kwa vidole, nikamwekea mkono wa kushoto wa sweta ujaze kioo. Sijui aliona nini. Labda kivuli cha kahawia. Alitaka kuugusa akaugusa, na picha ikateleza ikaingia nyingine, ile yangu mimi nacheka na donge la uzi kichwani.

"Imekimbia," akasema.

Nikamrudishia. Ikakimbia tena. Mara ya tatu aliacha simu mkononi mwangu, akachukua ungo wake.

"Itoe kwenye karatasi," akasema. "Karatasi haikimbii."

Hiyo ndiyo yote niliyopata jana. Nilirudi na mfuko wangu na harufu yangu ya sabuni.

Tangu asubuhi nimekuwa nikifungua ule ukurasa wa Jumatatu iliyopita ili niufute. Watu bado wanaucheka. Leo wameongezeka wawili. Kidole kinafika kwenye kufuta kinarudi. Ile ndiyo picha pekee ya sweta la baba duniani, na nimeipiga mimi, dakika tano kabla ya kuvuta uzi wa kwanza shingoni. Nikiufuta nimemfumua mara ya pili. Nikiuacha, mzaha wangu unabaki umekaa juu ya mkono wake, na kila anayepita anamcheka baba yangu akidhani anacheka mtumba.

Mnaonisoma, mliocheka hamna kosa. Nyie mlichekeshwa. Nimefunga sehemu ya maoni, msinitumie pole.

Kisweta nitakimalizia wiki hii. Mafundo sitayaficha kwa ndani kama nilivyozoea, ila kwa kweli sijui mtoto wa mwezi mmoja yanamhusu nini. Nitamaliza kwa sababu mama amesema nimalize, na kwa sasa sina amri nyingine yake ya kutii.

Ipo moja.

Kesho, kabla sijaandika neno lolote la siku, naenda steshenari ya hapa mjini na picha ile. Nitawaambia waitoe kwenye karatasi ngumu, kubwa kuliko wanavyopenda, na wakate maneno yangu yote, lisibaki hata moja. Wabakize sweta. Mikono yote miwili ionekane.