Babu Aliyemteka Mjukuu Wake

Aiaki, Onotoa,
9 Agosti.

Mpendwa Mama mkwe,

Mauri! Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta u mzima na kwamba baridi ya Auckland imeacha kukusumbua magoti. Sisi hapa hatujambo. Mwanao Teburea alikuwa na jipu mguuni, sasa limepona na amerudi kupanda minazi kugema kama kawaida. Mvua bado. Magimbi ya babai shambani yameanza kunyauka na maji ya kisima yana chumvi.

Jumamosi mwalimu wa shule alituwekea filamu kwenye ukumbi wa kijiji, maneaba. Ni ya mwanamke jasusi ambaye mtoto wake mchanga ametekwa, naye anamtafuta nchi baada ya nchi. Ungekuwepo ungecheka hadi mbavu ziume. Jasusi anajificha kijijini siku nzima, na hakuna hata mtu mmoja anayemwuliza anakwenda wapi! Anaruka kutoka kwenye boti linalowaka moto, anatoka majini nywele zimechanwa. Simu yake haiishi chaji.

Lakini zogo lenyewe lilianza pale mtekaji alipovua kofia, tukaona kumbe ni babu yake mtoto, baba mzazi wa jasusi. Mzee Kaburoro, unaujua mdomo wake, akapaza sauti: "We mwalimu, simamisha hapo! Huyo si babu yake? Sasa mtoto katekwa na nani?"

"Kachukuliwa bila ruhusa, mzee," mwalimu akasema.

"Ruhusa ya nini? Babu kuchukua mjukuu ndiyo aletewe helikopta? Si angeomba tu! Angeomba, nani angemnyima?"

Maneaba nzima ikacheka na kupiga makofi. Wote wakakubaliana kwamba aliyetunga hadithi ile hakufikiri vizuri. Nami nilicheka, Mama. Kisha nikageuza uso, nikajifanya nafukuza mbu.

Usidhani nakulaumu. Uliniomba Tinaai kabla hajaota jino, nikakupa kwa mikono miwili, na sijawahi kusikia kwamba amelala njaa au amekosa upendo. Simdai. Ila kulia nimelia, tena sana, na sikuwahi kukwambia.

Pengo nililoliona mimi kwenye filamu ile hakuna mwingine aliyelitaja. Mwishoni jasusi anasimama kwenye kituo cha treni, watu wamejaa tele. Yule mtoto alichukuliwa akiwa bado ananyonya, sasa ni msichana wa kwenda shule. Anamtupia jicho mara moja tu, anamkimbilia akiita "Mama!" Amemjuaje? Nilimwuliza Teburea tulipokuwa tukirudi nyumbani. Akanijibu, "Aa, Bwenaata, filamu hiyo," kisha akaongeza mwendo.

Uliposema mtakuja Krismasi nilifurahi, na hofu ikaniingia papo hapo. Mwezi uliopita Tinaai aliniita shangazi kwenye simu. Sauti nzuri, heshima tele. Nikaitika. Ningefanya nini?

Sijui kama umewahi kumwambia. Kama bado, nakuomba umwambie kabla hamjapanda ndege. Aendelee kuwa wako na kukuita wewe mama. Sitamvuta wala sitamng'ang'ania. Nataka tu ajue kwamba aliyemzaa yupo, na kwamba ni mimi.

Nisalimie shemeji Ioteba na mkewe Rotia, na wote wa kanisani wanaotukumbuka. Mungu awape afya, amani na neema, na awafikishe hapa salama.

Na Tinaai umbusu. Akiuliza ni busu la nani, tafadhali Mama, usimwambie la shangazi.

Mkweo anayekupenda,
Bwenaata