Maombi ya fundi paa

Shoga, shemeji yako katuaibisha.

Kikundi cha maombi tumekwenda kumfariji yule bibi mjane, paa lake linavuja mpaka kitanda kimelowa. Nani akajitolea kuomba? Shemeji yako. Fundi paa mzima, nyundo zake ziko kwenye pikipiki hapo mlangoni.

Akaomba mpaka jasho likamtoka. "Bwana, mtume mtu amzibie mjane wako paa."

Mtu. Yaani atumwe mtu, shoga.

Bibi hata hakungoja amina. "Mjukuu wangu, ameshamtuma. Ngazi iko nyuma ya nyumba."

Jamaa akanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa yuko juu na suti yake ya ibada. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika ngazi. Bibi amesema atakayetoroka asirudi tena kumhubiria.