Dawa Niliyokuombea

Mponde, Novemba 1974

Baba Yudith,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha, maharage yamechanua. Mama yako anakusalimu.

Nimejifungua mtoto wa kiume. Kabla kitovu hakijakatika, macho yake yalivimba yakatoa usaha. Nikamkimbiza zahanati. Mganga Sefania alitutibu sote wawili, akasema ni kisonono. Mimi simjui mwanamume mwingine ila wewe.

Nilimwomba anipe na dawa yako niitume kwa basi la Tanga. Akakataa.

“Mama, sheria hainiruhusu kumpa dawa mtu nisiyemwona. Ikimdhuru, nitashtakiwa mimi.”

“Na asipokuja?”

“Akirudi nyumbani hajatibiwa, utaugua tena.”

Kwa hiyo nenda hospitali hukohuko Tanga. Mpeleke na huyo mwenzangu uliye naye huko, naye ni mtoto wa watu.

Jicho moja la mwanao limepona. La kushoto halioni.

Krismasi njoo, lakini kama hujatibiwa utalala kwa mama yako. Nimemwambia, naye amekubali bila kuuliza. Mtoto nimempa jina la baba yangu, sikukungoja.

Bado mkeo,
Efrazia