Kisima cha Wakfu Bondeni

Jumatano, baada ya Magharibi

Watu wa idara ya maji wamekataa kukifunga kisima. Dawa ya magugu imemwagika kwenye mpunga, hatua chache kutoka kisima alichochimba marehemu baba, na afisa wao aliyekuja kutoka Chake ananiambia, "Mzee, tungoje majibu ya maabara. Ushahidi bado."

Nikamuuliza, "Ushahidi mnaoungoja ni maiti?" Akacheka.

Nilikifunika kwa mbao. Jirani yangu, Bi Asha, akaziondoa. "Maji ya wakfu hayazuiliwi. Wataka kumkatia baba yako thawabu?"

Alasiri mjukuu wangu Time, mwenye mimba ya miezi saba, alirudi na ndoo mbili. Nilizimwaga. Alilia, akauliza, "Babu, nikateke wapi?"

Hakuna pengine. Kesho atateka palepale, nami nitayanywa pamoja naye.