Hamudi wa Kilosa

Ijumaa, Juni 2006. Ansab.

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi ukuta wa jikoni unatoa jasho, na mimi nimekaa mbele ya kompyuta na kanga moja, sina hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu. Nna hasira. Naliandika mapema nisije nikajifanya sina.

Mwezi uliopita niliandika hapa kwenye blogu yangu habari za alikozaliwa Baba, Nasor bin Hamoud. Ni shamba la mkonge karibu na Kilosa, ambalo watu wa huko walikuwa wakiliita "kwa Hamudi". Nikasema Hamudi huyo ndiye babu yangu, Mwarabu aliyetoka Sharkia, huku Uarabuni, akaenda Tanganyika kutafuta maisha, akafa Baba akiwa mdogo. Ndivyo tulivyosomeshwa nyumbani. Niliandika kwa mapenzi, hata machozi yalinitoka kidogo.

Juzi, kwa sababu ya habari hiyo, nikapata barua pepe kutoka Uingereza. Mwandishi ni mama mmoja aliyestaafu ualimu, na kazi yake sasa ni kuchimba ukoo wake. Amesharudi nyuma vizazi saba, mpaka kwa mfua chuma mmoja. Aliyekuwa akimpa tabu ni ndugu wa babu yake, Mzungu wa mwanzo mwanzo kupewa ardhi Kilosa baada ya ile vita ya kwanza. Alilima mkonge, akarudi kwao mgonjwa, akafa. Kwenye mti wa ukoo aliouambatisha, chini ya jina la huyo bwana pameandikwa: hakuoa, hakuacha mtoto.

Jina lake William Hammond.

Nililisoma mara mbili na sikuona kitu. Mara ya tatu nikalitamka kwa sauti, kama ambavyo angelitamka mkata mkonge anayemwita bwana wake. Hamondi. Hamudi.

Nikainuka nikaenda kunywa maji.

Kulikuwa na picha pia. Mzungu kasimama kando ya tangi la maji, na ubavuni pake mtoto wa kiume wa miaka mitatu minne, kanzu fupi, miguu mitupu. Nyuma ya picha, kwa penseli, pameandikwa Nasoro. Mtoto ana masikio yaliyochomoza. Mzungu anayo hayo hayo. Baba anayo. Mimi nayaficha chini ya mtandio tangu nna miaka kumi.

Mama wa watu ana adabu, simlaumu. Anauliza kama anaweza kumtia Baba kwenye mti wao, na anasema itakuwa furaha kwa ukoo mzima. Yeye akigundua kuwa babu yake alikuwa mwizi wa farasi, anacheka na kumwandika. Sisi huku babu mmoja asiyejulikana anatosha kukufungia mlango.

Nasema ninachokijua. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nafanya kazi wizarani, na kuna mtu alikuwa ananitaka nami namtaka. Wazee wake walikuja kwetu, wakanywa kahawa, wakauliza kwa upole: Hamoud yupi? Baba akawatajia mji na jamaa. Wakaenda kuuliza. Kule hakutokea mzee hata mmoja aliyemkumbuka Hamoud yeyote aliyekwenda Kilosa. Hawakurudi. Mwenyewe alinipigia simu mara moja tu, akasema hawezi kumvunja mama yake moyo.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikimtetea Baba. Niliwaambia shoga zangu kwamba wazee wa Sharkia wamesahau tu, kwamba waliokwenda Afrika walifutika vichwani mwa waliobaki. Na ushahidi wetu mkubwa ulikuwa weupe wa Baba. Mtazameni, tulikuwa tukisema, huyu si Mwarabu ni nani?

Sasa nshajua ni nani.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nikaenda Azaiba, kwa kaka yangu, ambako Baba anaishi. Picha nimeitoa kwenye printa, mbele na nyuma, nikaitia kwenye bahasha. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya neno moja: ulijua? Nilitaka aseme ndiyo. Ndiyo, mwanangu, nilijua, na wewe ndiye uliyeumia. Basi. Sikutaka zaidi ya hapo.

Baba alikuwa kajinyoosha kwenye majlisi, chumba cha wageni, kavaa dishdasha, kanzu yake ya Ijumaa, miwani imepanda kwenye paji la uso. Nikampa picha, nikamweleza yote taratibu, kwa kuwa sikio lake moja halisikii vizuri. Akaitazama mpaka nikadhani kasinzia. Kisha akapitisha kidole kwenye tangi.

"Tangi hili nnalijua," akasema.

"Na mtu huyu, Baba?"

"Mamangu kanambia, babaako ni Hamudi, kafa safarini. Nimuulize Hamudi gani? Mtoto humuuliza mamake hivyo?"

"Na walipokuja wale wazee kuniposa?"

Aliigeuza picha, akalisoma jina lake mwenyewe kwa herufi za yule Mzungu, akaigeuza tena.

"Kila Ijumaa namsomea Fatiha," akasema. "Tangu niko chuo cha Kurani na juzuu yangu. Leo pia nshamsomea. Sasa zote hizo zimekwenda wapi?"

Neno langu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwambia, "Zimemfika, Baba. Mungu anajua ulikuwa ukimkusudia nani."

Akasema eeh, akavaa miwani, akaomba picha ibaki kwake. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni akaniita. "Mwambie huyo bibi aandike Nasor bin Hamoud. Asinibadilishie." Kaka akaingia na chai, tukaanza kuzungumza habari za kiyoyozi kinachovuja.

Nimerudi Ansab na bahasha tupu. Nilikwenda kudai neno, nikalitoa mimi. Nilichomwambia nakiamini, lakini kumsamehe sijamsamehe, na naliandika humu kwa sababu mbele ya uso wake sitoweza. Kaka akilisoma atanuna. Anune.

Yule mama nitamjibu asubuhi. Nitampa jina la Baba kama mwenyewe alivyotaka. Ameomba pia majina ya wajukuu wa Hammond na watoto wao, ili mti ufike mpaka leo. Kaka ana wanne, nitawaandika wote kwa mpango. Chini ya Mzungu yule waliandika hakuoa, hakuacha mtoto, na ulikuwa uongo. Chini ya jina langu wataandika hayo hayo, hakuolewa, hakuacha mtoto, na yatakuwa kweli.