Vijana Ishirini wa Ntoto

Kingi, tarehe 9 Juni

Kwa kaka yangu Hubert,

Hujambo huko msituni? Joto unalivumiliaje, na mbu je? Sisi hapa tuko wazima. Mama maumivu ya goti yamempungua, anapanda hadi kwenye maharage na kushuka bila fimbo. Kila siku anauliza kama unakula. Ukijibu, taja chakula chenyewe. Hataki kusikia “nakula vizuri” tu.

Nakuandikia barua kwa sababu huko Ntoto simu haishiki, na kwa sababu jana niliona aibu ambayo siwezi kumweleza mtu mwingine. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja. Nilipanda mlimani juu ya shule ya msingi na jembe langu, nikaifunga kwenye mkaratusi ile karatasi ya rangi kumi na saba tuliyopewa kwenye mafunzo Masisi, ile ya malengo ya maendeleo ya dunia. Nikangoja hadi saa nne. Hakuja mtu. Vijana walipita chini wakienda uwanjani, Déo akapiga kelele, kana kwamba mimi ni shirika la kugawa vitu: “Dada Emérence, leo kuko T-shirt? Hata sabuni hakuna? Basi ulime muzuri!” Walicheka, nami nikacheka. Walipokwisha kupita nililia.

Wewe rais wa komite yetu ya vijana, ulipokuwa hapa tulisema tunachukua lengo la kumi na tano, kutunza ardhi. Tulisema mifereji sita ya kuzuia maji itakuwa tayari kabla ya mvua ya Septemba. Mpaka leo kuna mmoja. Mwaka jana matope yaliingia darasa la tatu hadi kwenye viti, na safari hii ukuta hautavumilia. Tangu uondoke Januari na mizigo yako ya chumvi, komite ni mimi. Peke yangu siwezi, kaka. Niambie nifanye nini.

Dada yako mdogo,
Emérence

*

Ntoto, tarehe 20 Juni

Kwa dada yangu Emérence,

Salamu zako zimefika na motard wa pikipiki, zimelowa kidogo lakini zinasomeka. Mwambie Mama nakula fufu ya muhogo na mboga ya sombe, na juzi nilipata samaki wa mtoni, mkubwa, nikamla siku mbili.

Usilie. Hao vijana wa Kingi wana vichwa vigumu, nami ni mmoja wao. Hapa ni tofauti. Nilieleza habari ya malengo mara moja tu baada ya ibada, na Jumamosi iliyofuata wakaja vijana ishirini. Ishirini, Emérence! Tunatengeneza chemchemi ambayo kijiji kizima kinachota. Tumetoa majani yaliyooza, tumepanga mawe, tumezungusha ua ili mbuzi wasiingie. Kuna Jean-de-Dieu, anaimba tangu tunaanza hadi tunaweka majembe chini. Kuna Valérie, msichana mwembamba, anabeba mawe mengi kuliko wanaume wawili. Anayechelewa anamchotea maji mjane mmoja wiki nzima.

Kama huku wameweza, huko pia wataweza. Jipe moyo.

Kaka yako,
Hubert

*

Kingi, tarehe 21 Julai

Kwa kaka yangu Hubert,

Amani iwe kwako na kwa hao ishirini. Sisi wazima, Mama mzima, anafurahi juu ya yule samaki kana kwamba alimla yeye.

Bado sijakueleza yaliyotokea, kwa hiyo sikiliza. Barua yako ya kwanza niliisoma kanisani. Pasta alinipa dakika mbili, nikachukua kumi. Nilipofika kwa Valérie na mawe yake, Nadine, binti wa fundi cherehani, akasema kwa sauti: “Batu ya pori, bale bako na miti mpaka mbele ya mulango, njo banatushinda siye?” Jumamosi wakaja kumi na wanne! Hata Déo alikuja, akijifanya anapita tu, jembe begani. Leo tuna mifereji minne, na kingo zake tumezipanda matete.

Ila barua zako si zangu tena. Mbili zilizofuata zilifika siku ya kazi, Nadine akazifungua palepale mlimani na kuzisoma, maana ana sauti. Sasa hakuna anayechimba kabla ya kusikia habari za Ntoto. Nao wameamua jambo: Nadine na Déo watakuja huko tarehe 24 Agosti, kuwasalimu hao vijana na kujifunza kupanga mawe. “Tunataka kuona na macho yetu,” wanasema. Mama ameanza kukaanga karanga za safari. Tuandikie watalala kwa nani.

Dada yako,
Emérence

*

Ntoto, tarehe 12 Agosti

Dada yangu Emérence,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwili wangu ni mzima.

Najua barua hii itafunguliwa na Nadine mbele ya wote. Sikuandika juu ya bahasha kwamba uisome peke yako. Nadine, soma polepole, usiruke kitu, na usiishie katikati hata wakikuambia uache.

Ntoto hakuna vijana ishirini. Hakuna hata mmoja. Jean-de-Dieu hayupo, Valérie hayupo. Chemchemi ipo, imejaa majani yaliyooza, na mbuzi wanakunywa humo. Ni kweli nilisimama siku moja baada ya ibada nikaeleza malengo. Watu walinisikiliza kwa heshima, wakaniuliza kama chumvi bado ipo, wakaenda zao. Wana lugha yao, na mimi ni mtu wa milimani aliyekuja na mizigo. Hawanichukii, hawanijui tu. Tangu Januari hakuna mtu aliyeingia nyumbani kwangu akaketi. Kihunde chetu nakiongea na sufuria.

Dada, uliponiandikia kwamba ulikuwa peke yako, niliona haya kukujibu kwamba rais wako naye yuko hivyohivyo. Nikafikiri nikuandikie kijana mmoja, ili usikate tamaa. Mmoja akaonekana mchache. Nilipofika ishirini nilijikuta nacheka, maana ilikuwa kama nina watu. Zile barua mbili zilizofuata niliziandika kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yenu.

Déo, Nadine, msije, hakuna cha kuona. Naomba msamaha kwa kila aliyeshika jembe kwa sababu ya maneno yangu. Mifereji minne mmechimba ninyi, hiyo sikuitunga mimi.

Kaka yenu,
Hubert

*

Kingi, tarehe 25 Agosti

Kaka Hubert,

Mama anakusalimu. Mimi pia, ingawa nilitaka kuziacha salamu.

Nadine alisoma yote. Katikati Déo akamwambia: “Acha, inatosha.” Nadine akamjibu: “Hubert alisema nisiache.” Alipomaliza hakuna aliyenitazama. Déo alipangusa jembe lake kwa majani, akaniuliza: “Dada, na weye ulijua?” Nikaapa sikujua. “Tunajitesa hapa ju ya batu benye habako,” akasema, akashuka, na wengine wanane nyuma yake. Jana walikuja watano. Mfereji wa tano umefika nusu. Wa sita, ule ulio juu kabisa ya darasa la tatu, haujaguswa, na mawingu yameanza kukaa.

Nina hasira nawe, nakuambia wazi, wala si kwa ajili ya vijana. Nilikuandikia kwamba niko peke yangu. Ungeniambia nawe uko peke yako, tungekuwa wawili. Badala yake uliniletea watu ishirini ukajificha nyuma yao. Miezi yote hii kama uliugua, nani alikupa maji? Sijui. Mimi dada yako sijui.

Njoo. Acha hiyo chumvi. Déo nilimkuta njiani akaniambia: “Hubert akuye aseme na mudomo yake, njo nitarudia.” Wengine nao wanasema hivyo. Bila wao wa sita hautakwisha.

Dada yako,
Emérence

*

Ntoto, tarehe 3 Septemba

Dada yangu,

Salamu. Una haki.

Naondoka Alhamisi na motard Jérémie. Jumamosi tarehe 7 nitakuwa mlimani, nitasema mbele ya wote, kisha nitachimba. Chumvi iliyobaki nimempa mama jirani. Aliingia, akaketi, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia nyumbani. Tulizungumza muda mrefu, na nilisikitika kwamba ni siku za mwisho.

Kaka yako anayekuja,
Hubert

*

Kingi, tarehe 19 Septemba

Kaka yangu Hubert,

Natumaini u mzima, popote ulipo. Mama yupo, lakini chakula anakigusa tu.

Tarehe 7 wote kumi na wanne walikuja kukusikia, Déo wa kwanza. Walikaa hadi mchana, wakarudi kwao. Jioni tukasikia kwamba barabara imefungwa tangu Alhamisi, risasi zimelia, watu wamekimbilia porini. Nimemuuliza kila anayefika. Hakuna aliyekuona, wala wewe wala Jérémie.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 10. Mfereji wa tano tulikuwa tumeumaliza, ukashika. Lakini pale pasipo na wa sita maji yalishuka hadi kwenye ukuta wa darasa la tatu, yakala udongo wa chini. Mvua moja zaidi, ukuta ungeanguka, na watoto wamo ndani.

Jumamosi iliyopita walikuja tena. Hakuna aliyeinua jembe. Déo akauliza: “Barua ya Hubert iko wapi? Kama hakuna, siye tunarudia.”

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikaifungua, nikasoma. Nikasema uko upande huu wa mto, umehifadhiwa na watu wema, mguu umevimba kidogo tu. Nikasema unawaomba msamaha mmoja mmoja, kwa majina, nikayataja majina yote. Unaomba ukifika ukute wa sita umekwisha. Walichimba hadi saa tisa ndani ya manyunyu, Déo mbele. Umekwisha, kaka. Juzi mvua ilinyesha kubwa, na darasa la tatu walisoma hesabu hadi kengele.

Karatasi ile haikuwa na neno hata moja. Nadine alikuwa amesimama begani kwangu, akaona. Alinisaidia kuikunja, akaenda kuchimba.

Barua hii nitaipeleka mwenyewe hadi kwenye kizuizi cha barabara, nimpe motard wa kwanza atakayeruhusiwa kupita. Ikikufikia, niandikie hata mstari mmoja. Watu wamemwambia Mama kwamba uliandika. Tangu Jumamosi ananiomba nimsomee barua yako, na kila siku namwambia kesho.

Dada yako,
Emérence